Darasa la mtandaoni au jicho la mhariri: mwandishi wa Kiswahili alipie lipi kwanza?

Una hadithi, una laki tatu au nne ulizojiwekea, na unataka kuandika vizuri zaidi. Ujiunge na kozi ya uandishi bunifu mtandaoni, au umlipe mhariri akusomee ulichoandika? Waandishi wengi huniuliza hivyo, na jibu langu hutegemea mambo mawili: kazi yako imefika wapi, na unaiandika kwa lugha gani. Hilo la pili watu hulipita haraka, ilhali lina uzito mkubwa. Kozi nyingi zilizoko mtandaoni hufundishwa kwa Kiingereza, na watu waliozoea sentensi za Kiingereza. Baadhi ya mafunzo yao yanamfaa mwandishi wa Kiswahili bila taabu. Mengine hayamfai kabisa.

Kazi yangu ni kusoma miswada ya riwaya na hadithi fupi za Kiswahili, kwa hiyo nalinganisha nikiwa na upande: naamini pesa ya mwandishi ifuate macho yanayosoma kurasa zake mwenyewe. Hata hivyo, kuna hatua ambapo mihadhara ya bure inatosha na mhariri ni hasara tupu.

Aya moja, wasomaji wanne

Chukua aya hii niliyoitunga kwa kufuata aya ninazokutana nazo mara kwa mara:

"Mama Rehema alikasirika sana. Alimwambia Zuhura aondoke nyumbani kwake. Alilia sana. Kisha alichukua mkoba wake na alienda stendi kwa huzuni kubwa."

Kozi ya video haitaiona aya hii. Itakupa kanuni: usimwambie msomaji kwamba mhusika amekasirika, mwonyeshe. Kanuni ni nzuri, ila ni juu yako kugundua kwamba inakuhusu. Wengi huitikia kwa kichwa wakiwa mbele ya simu, kisha wakarudi kuandika "alikasirika sana", maana hakuna aliyewaonyesha sentensi yenyewe.

Kikundi cha WhatsApp kitajibu "imenigusa", "hongera sana", na mioyo myekundu. Ukibahatika, mmoja atauliza: "Kwani nani alilia?"

Mwalimu wa darasa la moja kwa moja atauliza kuhusu tukio. Zuhura amefanya nini? Kwa nini ugomvi mzito kiasi cha kumtoa mtu nyumbani umekwisha ndani ya sentensi mbili? Atakutuma ukaandike upya, safari hii tukio lichukue ukurasa mzima.

Mhariri anayekijua Kiswahili ataanza na swali hilo hilo, kisha atashuka hadi kwenye kitenzi. Atakwambia kwamba "alilia" imeachwa bila mwenyewe: inaweza kuwa Mama Rehema, inaweza kuwa Zuhura. Atakuonyesha -li- tano zilizofuatana, kila moja ikianza upya kana kwamba haikuona iliyotangulia, wakati lugha yetu ina -ka- inayoshikanisha tendo na tendo. Ukiyafanyia kazi maelezo hayo, aya inaweza kurudi hivi:

"Mama Rehema hakusema neno. Aliuchukua mkoba wa Zuhura kitandani, akautoa nje ya kizingiti, akafunga mlango. Zuhura akabaki amesimama na kandambili zake mkononi. Mpaka anafika stendi, alikuwa hajazivaa."

Hasira haikutajwa, huzuni haikutajwa, na kila tendo lina mtendaji anayejulikana. Tofauti kati ya aya hizi mbili ndiyo kipimo ninachotumia kulinganisha njia zote: ni nani anaweza kukufikisha kutoka ya kwanza hadi ya pili, na kwa gharama gani?

Kozi za video

Kwa bei hazina mpinzani. Chuo Kikuu cha Wesleyan cha Marekani kina mfululizo wa kozi za uandishi bunifu ndani ya Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, zikigawanywa katika ploti, wahusika, mandhari na mtindo, na mwishoni mwanafunzi anaandika kazi yake ndefu zaidi. Asiyemudu ada anaweza kuomba apunguziwe. The Open University ya Uingereza imefundisha kozi ya kuanza kuandika hadithi kupitia FutureLearn. Mihadhara ambayo mwandishi wa riwaya Brandon Sanderson aliitoa katika Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2020 iko YouTube bila malipo. Kwa anayetaka kutunga riwaya za ulimwengu wa kufikirika, humo kuna mafunzo ya ploti na wahusika ambayo watu wengine huyalipia. MasterClass nayo ina walimu wenye majina makubwa, akiwemo mwandishi wa riwaya Margaret Atwood, na video zake zimepigwa kwa ustadi. Utamsikiliza Atwood, lakini yeye hatakusoma.

Coursera hulijaza pengo hilo kwa kuwafanya wanafunzi wasahihishane. Matokeo yake ni ya bahati. Atakayekusahihisha anaweza kuwa msomaji makini, anaweza pia kuwa mtu anayekimbilia cheti. Na kwa kuwa wenzako hawasomi Kiswahili, utalazimika kuwasilisha kwa Kiingereza.

Ninazipendekeza kozi hizi kwa mtu ambaye bado hajamaliza hadithi hata moja. Huyu anahitaji msamiati wa ufundi (nafsi ya msimulizi, taharuki, mgogoro, kilele) na zoezi la kumtoa kwenye kurasa tupu. Programu ya simu ya Coursera inaruhusu kupakua masomo, hivyo unaweza kutumia bando la usiku na kutazama mchana bila intaneti. Kozi moja inatosha. Ukijiona unaanza ya tatu na hadithi bado ni ile ile ya kurasa nne, acha kujiandikisha, andika.

Darasa lenye mwalimu na ratiba

Mtindo wa warsha unaofuatwa na madarasa mengi ya mtandaoni asili yake ni Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya uandishi ilianzishwa mwaka 1936. Kazi ya mmoja inasomwa na wote kabla ya kipindi, kisha darasa linaijadili huku mwandishi akiwa kimya, akiandika anayoyasikia. Uingereza ilifuata mwaka 1970, pale waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipoanzisha shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia. Kazuo Ishiguro, aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2017, alipitia hapo. Leo mtindo huo umehamia kwenye Zoom kupitia Gotham Writers Workshop ya New York, Faber Academy ya London, na Curtis Brown Creative, shule iliyoanzishwa mwaka 2011 na Curtis Brown, kampuni ya uwakala inayowawakilisha waandishi kwa wachapishaji.

Ukimya ule wa mwandishi una faida ambayo kozi ya video haiwezi kuitoa. Unawasikia wasomaji wakibishana kuhusu mhusika wako kana kwamba haupo, na unagundua kwamba yale uliyodhani umeyaandika yalibaki kichwani. Kingine cha thamani ni kuwasoma wenzako kila wiki. Kosa huonekana haraka kwenye kazi ya mtu mwingine, na ukishajifunza kuliona kwa mwenzako, utaanza kuliona kwako.

Kabla ya kulipa, waulize swali moja: kwa kozi nzima, mwalimu mwenyewe atasoma kurasa zangu ngapi na kuniandikia maoni? Darasa zuri lina jibu lenye tarakimu. Likijibu kwamba "kutakuwa na fursa nyingi za mrejesho", basi unanunua mihadhara.

Kisha kuna saa. Darasa linaloanza London saa moja jioni litakukuta Nairobi au Dar es Salaam saa tatu usiku majira yao ya joto, na saa nne usiku majira ya baridi. Hilo linavumilika. La New York la saa moja jioni litakuwa kwako saa nane au saa tisa usiku, na sijui mtu wa kazi za asubuhi anayeweza kulimudu kwa wiki kumi. Tafuta kozi ambazo mjadala wake ni wa maandishi na kila mtu anajibu kwa muda wake. Gotham wanazo za aina hiyo. Zinaokoa na bando pia, maana saa moja ya kikao cha Zoom chenye picha za watu wengi huweza kumaliza GB nzima.

Karibu na nyumbani, Kampala imefanya mengi. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kimekuwa kikikutanisha watu kusomeana kazi tangu miaka ya 1990. Writivism, programu ya fasihi iliyoanza mwaka 2012, ilijulikana kwa kuwaunganisha waandishi chipukizi wa Afrika na walezi wenye uzoefu. Nafasi za namna hii huja na kupita, na lugha yake mara nyingi ni Kiingereza, lakini msomaji wa Kampala hahitaji kuelezwa bodaboda ni nini, na hilo peke yake linabadilisha mrejesho.

Kinachovuka na kisichovuka

Hapa ndipo nataka mwandishi wa Kiswahili atulie. Ukijiunga na darasa la Kiingereza, utatafsiri hadithi yako ili wenzako waisome. Kuanzia hapo, kila wanachosema kuhusu sentensi kinahusu tafsiri yako.

Maoni kuhusu muundo yanavuka salama. Hadithi imeanza mapema mno, mhusika hana anachokitaka, siri imefichuliwa kabla ya wakati: mambo haya ni yale yale kwa lugha yoyote, na mwalimu wa London atayaona sawasawa na wa Zanzibar.

Maoni kuhusu lugha hayavuki. Walimu wa Kiingereza huonya sana kuhusu vielezi, na wana sababu zao. Sasa mwandishi anayeichukua onyo hiyo kama ilivyo atazifuta tanakali zake pia: atafuta "ji" kwenye kimya ji, "totoro" kwenye giza totoro, "pu" kwenye alianguka pu, na kuacha maandishi yaliyokauka. Kuhusu methali, tatizo linageuka. Msomaji wa kigeni hufurahia kila methali kwa sababu kwake ni mpya, naye atakusifia "haraka haraka haina baraka", methali ambayo msomaji wako wa Tanga ameiona kwenye kanga na nyuma ya daladala tangu utotoni. Unaweza kutoka darasani umesifiwa kwa sentensi ambazo nyumbani zingekufanya uonekane mchovu.

Heshima ndiyo inayopotea zaidi. Andika tukio ambapo kijana anaingia sebuleni, mjomba wake amekaa, na kijana anauliza moja kwa moja chakula kiko wapi. Msomaji wa Kiswahili ameshashtuka: shikamoo iko wapi? Ugomvi umeanza kabla ya neno la ugomvi. Darasa la Kiingereza litakwambia tukio hilo limepoa na lingefaa kuongezewa mvutano. Ukiwasikiliza, utamwongezea kijana matusi ambayo hayakuhitajika.

Mhariri wa kulipwa

Neno "mhariri" limebeba kazi nne tofauti, na watu wengi hulipia moja wakitarajia nyingine. Kwanza ni tathmini ya muswada: mtu anasoma kazi nzima na kukuandikia ripoti ya kurasa kadhaa kuhusu nguvu na udhaifu wake, bila kugusa maandishi. Uhariri wa muundo unaingia ndani zaidi, unapendekeza sura zihamishwe, wahusika waunganishwe, mwanzo ukatwe. Uhariri wa lugha unashughulikia sentensi moja moja. Mwisho ni usomaji wa prufu, yaani makosa ya tahajia na alama baada ya kitabu kupangwa.

Mwandishi wa riwaya ya kwanza karibu kila mara anahitaji tathmini, naye huomba prufu. Hakuna faida ya kusahihisha koma kwenye sura ambayo itafutwa.

Kwa wanaoandika Kiingereza, The Literary Consultancy ya London imekuwa ikifanya tathmini tangu 1996, na Reedsy ni soko la kuwapata wahariri wa kujitegemea na kulinganisha bei zao. Pima kabla ya kuingia. Mhariri akitoza senti mbili za dola kwa neno, muswada wa maneno 60,000 ni dola 1,200. Tathmini peke yake kwa kawaida ni nafuu kuliko uhariri, na hadithi fupi ya maneno 3,000 ni nafuu zaidi. Ndiyo sababu nawashauri watu walipie hadithi fupi moja kwanza. Makosa utakayoonyeshwa kwenye kurasa kumi ndiyo hayo hayo yaliyojaa kwenye kurasa mia mbili.

Kwa Kiswahili, soko halina duka moja la namna hiyo. Wahariri wapo: waliofanya kazi kwenye nyumba za uchapishaji za Dar es Salaam na Nairobi, wahadhiri wa fasihi, waandishi wenyewe. Bei hupatanwa, aghalabu kwa ukurasa. Kubalianeni kwa maandishi ukurasa una maneno mangapi, maana ukurasa wa maneno 250 na ule uliobanwa wa maneno 500 ni bei mbili tofauti. Kisha omba akuharirie kurasa tatu za mfano, hata kama ni za kulipia. Ukizisoma utajua kama amekuelewa.

Kwenye kurasa hizo tazama jambo moja zaidi ya mengine yote: amefanya nini na mazungumzo. Wasomi wa lugha waliozoea kusahihisha insha huwa na mkono mwepesi wa kusanifisha. Bibi wa Mombasa anayesema "ndoo hapa" anageuzwa kusema "njoo hapa". Kondakta wa Eastlands, Nairobi, anayesema "msee" anaondoka na "bwana". Sarufi imepona, mhusika amekufa. Mhariri wa kazi bunifu anajua msimulizi na mhusika hawalazimiki kusema Kiswahili kimoja, na pale asipokuwa na uhakika na lahaja, anakuuliza pembeni ya ukurasa badala ya kufuta.

Ripoti nzuri utaitambua kwa kutaja mahali. "Wahusika hawajakuzwa" haikusaidii kitu. "Sura ya 4 Zuhura anasamehe bila sababu, wakati sura ya 3 ameapa hatasamehe" inakupa kazi ya kufanya kesho asubuhi. Jihadhari na wanaokusifia kwa ripoti ya bure kisha wakakuuzia kifurushi cha kuchapisha. Tathmini ya mtu anayetaka kukuuzia uchapaji haiwezi kukwambia kazi bado haijaiva.

Wenzako, na jambo la mashairi

Vikundi vya waandishi ni vya bure na vinakosewa heshima kwa sababu vingi vimejaa pongezi. Dawa yake ni sharti moja: marufuku kusema umependa au hukupenda, kila mmoja ataje mahali alipopotea, alipochoka, na alipotaka kuendelea. Watu wanne wanaolifuata sharti hilo wanaweza kukusaidia kuliko kozi ya dola mia.

Kwa ushairi wa arudhi, yaani wa vina na mizani, hili kwangu halina mjadala. Usilipie darasa la Kiingereza. Washairi wa Kiswahili wamekuwa wakisahihishana na kujibizana hadharani tangu enzi za gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na desturi hiyo ingali hai magazetini, redioni na kwenye makundi ya simu. Mpelekee mshairi mzoefu ubeti wako wenye "Nimeketi pale barazani, moyo wangu una wazo", naye kabla hajamaliza chai atakwambia kipande cha kwanza kina mizani kumi wakati cha pili kina nane. Utaondoa "pale", nane kwa nane itakaa, kisha atahamia kwenye vina vyako vya kati. Darasa la London linaweza kukufundisha taswira, lakini mizani hawataisikia. Anayeandika mashairi huru yuko huru zaidi kuchagua, na madarasa ya nje yanaweza kumfaa.

Wengine sasa huwapa programu za akili bandia kazi hii. Zinafaa kuonyesha neno lililorudiwa au jina lililobadilika katikati ya hadithi. Kwenye hukumu sizitegemei: husifu upesi, na Kiswahili zinachokupendekezea mara nyingi kimekaa kwenye mifupa ya Kiingereza, kwa hiyo sentensi yako nzuri inaweza kutoka humo imeharibika.

Ningekuwa wewe

Kama hujawahi kumaliza hadithi, tumia mihadhara ya bure na kikundi cha watu wanne, na laki zako ziweke. Hakuna mhariri anayeweza kukusomea kitu ambacho hakipo.

Kama una hadithi fupi mbili tatu zilizokamilika na hujui kwa nini hazikamati, hapo darasa dogo lenye mwalimu lina thamani. Likiwa la Kiingereza, nenda nalo kwa muundo tu, na daftari lako liwe na safu mbili: yanayohusu tukio na wahusika utayafanyia kazi, yanayohusu sentensi utayaonyesha kwa msomaji wa Kiswahili kabla ya kufuta chochote.

Kama riwaya imekwisha, acha madarasa. Lipia tathmini, na kama fedha haitoshi kwa kitabu kizima, mpe mhariri kurasa 50 za mwanzo na muhtasari wa zilizobaki.

Anayewania tuzo ajipange mapema. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, zote zina tarehe za mwisho, na muswada unaofika kwa mhariri wiki moja kabla hauwezi kupata zaidi ya prufu. Tenga miezi mitatu: mmoja wa mhariri kusoma, miwili yako ya kuandika upya.

Na kama unaupeleka muswada kwa mchapishaji anayelipia uzalishaji mwenyewe, usitumie akiba yako kwa uhariri wa lugha wa kitabu kizima. Wakikukubali, watakupa mhariri wao na kazi itafanywa tena. Safisha kwa uwezo wako wote, lipia macho ya muundo, basi. Uhariri wa lugha na prufu ulipie pale tu unapochapisha mwenyewe, maana hapo hakuna mwingine atakayesimama kati ya makosa yako na msomaji.